Unguja na bibi na watoto kutoka Kondoa: hesabuni mwezi kwanza, hoteli baadaye

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kondoa. Mimi na mume wangu tumejiwekea akiba tuwapeleke watoto wetu watatu Unguja wakati wa likizo. Mkubwa ana miaka 12, wa mwisho ana miaka 6. Tutakwenda na mama mkwe wangu. Ana miaka 68, ana presha, hajawahi kuiona bahari na anaiogopa. Hakuna kati yetu anayejua kuogelea. Je, twende Juni au Desemba? Ndege au boti? Tufikie mjini au ufukweni? Na huyu mdogo hana cheti cha kuzaliwa, atazuiwa?

Jibu: Mwalimu, salama huko? Mfikishie mama shikamoo yangu. Katika barua yako kuna sentensi moja iliyoniongoza katika yote nitakayosema, nayo ni hiyo ya kwamba hakuna kati yenu anayejua kuogelea. Familia kama yenu inaweza kufurahi Unguja kuliko hata wanaojua kupiga mbizi, ila ipangiwe siku zake.

Kwa hiyo msilipie hoteli bado. Familia nyingi ninazozipangia safari kutoka Dodoma huanzia hapo. Wameona picha, maji ya samawati yamefika kwenye shina la mnazi, wanalipa. Wanafika saa sita mchana na mbele yao kuna mchanga mtupu, vidimbwi na majani ya baharini, na bahari yenyewe imebaki mstari mweupe huko mbali kwenye mwamba. Hakuna aliyewadanganya, maji yamekupwa tu. Wiki moja kabla au wiki moja baadaye, saa hiyo hiyo, yangekuwa yamejaa kama kwenye picha. Sisi wa bara tumezoea maji ya bwawa, ambayo ukiyaacha asubuhi utayakuta jioni. Bahari ina ratiba yake, na ratiba hiyo inasomwa kwenye mwezi.

Kondoa mna bahati hapo, maana nyumba nyingi zina kalenda ya Kiislamu ukutani, na hiyo inatosha kabisa kukokotoa maji ya Unguja. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa usiku na mchana. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kidogo, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, na hapo ndipo panapokuwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini inaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, watu wa pwani husema maji mafu, kwa sababu hayaendi mbali wala hayaji juu.

Sasa shika jambo hili moja. Siku za mwezi mpevu na za kuandama, Unguja maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Ukilijua hilo unaweza kuhesabu kwenda mbele na kurudi nyuma. Tarehe 14 ya mwezi wa Kiislamu maji yamejaa saa kumi alasiri. Siku tatu nyuma, tarehe 11, yalijaa karibu na saa saba na nusu mchana. Siku tatu mbele, tarehe 17, saa sita na nusu mchana maji yapo chini kabisa, na tarehe 20 yanafika chini kwenye saa tisa.

Ndiyo maana nawashauri siku zenu za ufukweni ziangukie kati ya tarehe 11 na 15 ya mwezi wa Kiislamu, au zile za mwisho, kuanzia 26 hadi mwezi uandame. Asubuhi mtatembea pwani maji yakiwa yamekimbia, mtaona vitu ambavyo mtu wa Kondoa havioni popote pengine, kisha baada ya chakula cha mchana maji yatarudi yenyewe na kuwakuta watoto wamepumzika. Alasiri jua limelegea na bahari imejaa. Tarehe 17 hadi 20 ziacheni: maji hupwa katikati ya mchana, saa zile zile ambazo watoto wanalilia kuingia. Hesabu hii inaweza kupishana na hali halisi kwa nusu saa au zaidi, hivyo mkifika muulizeni mvuvi yeyote, «Leo maji yanajaa saa ngapi?» Atawajibu bila kufungua simu.

Juni au Desemba? Kwa ajili ya mama, Desemba. Juni kusi, upepo utokao kusini, imeshika. Hewa ni nzuri, mvua imekwisha, joto limepungua, na kwa vijana ningesema waende tu. Lakini kusi huichafua bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja, na ubaya wake huonekana zaidi wakati wa kurudi, boti inapoelekea kusini na kuyakata mawimbi yanayokuja usoni. Mtu anayeiogopa bahari akirudi nyumbani na safari hiyo kichwani, hatapanda tena. Mwanzoni mwa Desemba kaskazi, upepo utokao kaskazini, ndiyo kwanza inaanza kuvuma, na mara nyingi bahari huwa na utulivu, hasa asubuhi. Mvua za vuli zinaweza kuwa hazijaisha. Hunyesha kwa kishindo, zinakatika, jua linatoka. Mkiweza, mwende shule zikishafungwa na mrudi kabla ya tarehe 20, kwa sababu kuanzia hapo hadi mwaka mpya bei za vyumba hupanda na boti hujaa. Wiki ya tarehe 12 Januari, sikukuu ya Mapinduzi, nayo ina msongamano wake. Na kwa miaka ijayo, mkitaka kwenda mwezi wa Ramadhani, jueni kwamba Unguja migahawa mingi ya mitaani hufungwa mchana na kula hadharani hakukubaliki. Kwa aliyefunga ni raha, kwa watoto inataka maandalizi.

Njia. Tangu Julai 25, 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, na kwa familia yenye mtu mzima mwenye presha sioni sababu ya kukaa kwenye basi kutwa nzima hadi Dar. Treni ya haraka huchukua kama saa tatu na nusu. Nauli ya daraja la kawaida hadi Dar ilipotangazwa mwaka huo ilikuwa shilingi 31,000 kwa treni ya kawaida. Angalieni bei ya sasa mnapokata tiketi, na kateni mapema kwa mtandao, kwani Desemba viti huisha. Majina kwenye tiketi yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho. Ningeondoka Kondoa na gari la alfajiri, nikapanda treni ya mchana Dodoma, nikalala Dar usiku huo, nikavuka asubuhi. Najua usiku wa Dar ni gharama. Lakini kushuka kwenye treni na kukimbilia boti siku hiyo hiyo, mkiwa na mizigo, watoto watatu na mama, kunaharibu siku nzima, na treni ikichelewa kidogo tu boti imewaacha. Zaidi ya hayo, bahari ya asubuhi ni tulivu kuliko ya jioni, na hilo ndilo tunalomtafutia mama.

Stesheni ya Dar iko katikati ya jiji, karibu na bandari. Lala maeneo ya Mnazi Mmoja, Kisutu au Kariakoo na asubuhi bajaji itawafikisha kwa muda mfupi. Mwambieni dereva «boti za Zanzibar», na mtajua mmefika mkiliona Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph ng'ambo ya barabara. Wengine husema «feri» tu na kujikuta Magogoni kwenye pantoni la Kigamboni. Hapo bandarini mtakutana na vijana watakaowaambia boti imejaa, ofisi imehama, wao wana tiketi. Wapiteni kwa adabu. Tiketi inakatwa dirishani kwa kampuni yenyewe au kwa mtandao wake, kwa bei ya mkazi, na mnaonyesha kitambulisho cha taifa. Bei iliyoandikwa kwa dola ni ya wageni wa nje, haiwahusu. Fikeni saa moja kabla au zaidi, kwa sababu mizigo inakaguliwa na foleni ni ndefu.

Kuvuka kwa boti za kasi ni kama saa mbili. Mama akae ndani, sehemu ya chini, katikati ya chombo kuelekea nyuma. Mbele na juu ndiko kunakotikisika zaidi. Asisafiri na njaa, wala asishibe: chai nyepesi, ndizi, mkate mkavu. Macho yaangalie mbali, pale mbingu inapokutana na maji, na watoto wasichezee simu, kwa sababu kichefuchefu huanza mtu anapotazama kitu cha karibu huku mwili unayumba. Kuna tembe za kuzuia kichefuchefu cha safari, hunywewa kama saa moja kabla ya kuondoka. Baadhi huleta usingizi mzito, na kwa anayetumia dawa za presha msinunue tu dukani. Mpelekeni kwa daktari wake hapo Kondoa wiki mbili kabla, aseme ipi inamfaa. Dawa zake za kila siku zikae kwenye mkoba wa mkononi, zizidi siku za safari.

Kuhusu woga wake, usimwambie hakuna cha kuogopa. Mwambie mambo ya kweli: kwamba chombo ni kikubwa, kinabeba mamia ya watu, kina majaketi okozi, kinavuka kila siku, na kwamba akijisikia vibaya kuna wahudumu. Mtu mzima hutulia akijua kitakachotokea. Ningempa pia kazi, awe ndiye anayemshika huyu wa miaka 6. Nimeona mabibi wengi wakivuka wametulia tuli kwa sababu walikuwa na mtoto wa kumtuliza.

Ndege? Kutoka Dar hadi Unguja ni kama dakika 20 angani, lakini uwanja wa ndege uko mbali na mlikolala, kuna kuwahi na kusubiri, na kwa watu sita tofauti ya fedha ni kubwa. Asubuhi yenu itaishia kwenye foleni kwa namna yoyote. Ikiwa daktari atakataa boti, basi mama na mtu mmoja warudi au waende kwa ndege na wengine wavuke majini. Vinginevyo, boti.

Mkishuka Malindi, bandari ya Unguja mjini, kuna ukaguzi wa vitambulisho, kisha wachukuzi na madereva. Patana bei kabla mzigo haujaguswa. Laleni mjini usiku mbili, kisha muende ufukweni usiku tatu au nne. Mjini kwanza, kwa sababu mama atahitaji siku ya kupumzika na Mji Mkongwe unatembeleka kwa miguu, kidogo kidogo, asubuhi na baada ya Alasiri. Mweleze hivi: Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na michoro ya miambani ya kwenu Kondoa imo kwenye orodha hiyo hiyo tangu 2006. Anatoka kwenye urithi mmoja kwenda kuutazama mwingine. Watoto nao wajue hilo, wasidhani vitu vya maana viko mbali tu.

Mahali pamoja msipaache ni Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa 1873. Njia kuu ya misafara ilipita kwetu: kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora na Ujiji, na watemi wa Ugogo walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kila msafara uliotaka maji na kupita. Pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo walipita kwenye vumbi hili tunalolikanyaga, na wengi waliishia kwenye uwanja ule. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuelezwa. Huyu mdogo abaki nje na bibi bustanini. Jioni nendeni bustani ya Forodhani mle, urojo kwa watoto na samaki wa kuchoma kwa wakubwa. Chagueni nyama na samaki wanaochomwa mbele yenu, si waliopangwa mezani tangu alasiri. Nyumba ya Maajabu, Beit al-Ajaib ya mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, hivyo itazameni kwa nje.

Kisiwa cha Changuu, chenye makobe wakubwa ambao asili yao ni Ushelisheli, ni karibu na mji na watoto hawatakisahau. Lakini unakwenda na boti ndogo za mbao. Kabla hamjalipa, hesabuni majaketi okozi, na kila mtoto avae linalomkaa, si lile la baba yake. Pakikosekana hata moja, ondokeni mtafute boti nyingine. Mama si lazima aende.

Sasa ufukwe. Wengi watawaambia Nungwi au Kendwa, na ni kweli kule kaskazini maji hayakimbii mbali, unaingia saa yoyote. Ila kina huanza mapema, starehe za usiku ni nyingi na bei ziko juu. Kwa watu wasiojua kuogelea, wenye bibi na watoto, mimi huchagua Jambiani, pwani ya kusini mashariki. Ni kijiji cha watu, kina misikiti, nyumba ndogo za wageni zipo kwa bei ya kawaida, na mwamba ulio mbali huvunja mawimbi ya bahari kuu, kwa hiyo maji ya ndani huwa mapana na ya kina kifupi. Kutoka mjini daladala namba 309 inafika huko. Kwa watu sita wenye mizigo, teksi iliyopatanwa si ghali sana mkigawanya. Njiani mnapita Jozani, hifadhi ya taifa tangu 2004, penye kima punju, kima wekundu ambao duniani kote hawapatikani nje ya Zanzibar. Saa moja inatosha, na njia yake ni tambarare, mama ataiweza.

Niwaeleze asubuhi ya kwanza ya Jambiani itakavyokuwa, kwa sababu hapa ndipo panapohitaji umakini kuliko sehemu nyingine yote ya safari. Kwenye saa tatu maji yamekwenda mbali. Mtaona mashamba ya mwani: mistari ya vijiti vilivyochomekwa mchangani na kamba zilizofungwa vichipukizi, na wanawake wakiwa wameinama kwenye maji ya magoti. Kazi hiyo ilianza pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980, na vijiti vile vina wenyewe kama mahindi ya shambani yalivyo na mwenyewe. Msikanyage kamba, msipige picha bila kuomba. Salimieni, na wengi watawaonyesha kazi kwa furaha. Katika vidimbwi mtakuta viti vya pweza, kaa, majongoo ya bahari. Angalieni, msivitoe majini. Kila mtu avae yeboyebo au viatu vya plastiki vilivyobana, kwa sababu kuna viumbe vyeusi vya mviringo vyenye miiba mirefu, na mwiba wake hukatikia ndani ya nyama. Akichomwa mtu, mguu ulowekwe kwenye maji ya moto yanayovumilika na miiba itolewe polepole. Wenyeji hutumia utomvu wa papai bichi.

Hatari yenyewe iko kwenye kurudi kwa maji. Mtu akitazama mwambao ule tambarare hudhani bahari itarudi kwa mbele, kama ukuta, ataiona na kukimbia. Hairudi hivyo. Hupitia kwanza kwenye mikondo, mabonde marefu yaliyo kati yako na ufukwe, na unaposimama kwenye mchanga ulioinuka miguu yako mikavu, nyuma yako pameshajaa. Kasi nayo haiko sawa: saa ya kwanza maji hupanda kidogo, saa ya tatu na ya nne hupanda kwa nguvu kuliko zote, kisha hupungua tena. Kwa hiyo sheria yenu iwe hii: mnatoka maji yakiwa bado yanakwenda, na yakifika chini kabisa mnageuka, hata kama bado kuna kitu kizuri mbele. Mkiwaona akina mama wa mwani wanakusanya vikapu, nanyi rudini. Na msiende hadi mwambani bila mwenyeji.

Alasiri maji yakijaa, watoto wacheze mwisho kiunoni kwa huyu mdogo, si kiunoni kwa mkubwa, na mtu mzima mmoja asimame majini upande wa bahari, watoto wakiwa kati yake na nchi kavu. Fukwe nyingi hazina waokoaji. Wewe na baba mpeane zamu, na mwenye zamu simu yake aiache chumbani. Mama akae kivulini. Akitaka, mshikeni mikono miwili, aingie hadi vifundoni, akae chini maji yampige miguu. Wengi huomba kurudi kesho yake.

Jua lisiwachanganye. Dodoma mjini na Mji Mkongwe viko karibu kwenye mstari ule ule wa latitudo, digrii 6 na kidogo kusini mwa ikweta, hivyo jua linapita juu kwa namna ile ile. Tofauti ni hewa. Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona. Unguja Desemba hewa imejaa unyevu, jasho linabaki mwilini, mwili haupoi, na mtu hupoteza maji mengi bila kujua kwa sababu upepo wa bahari unampuliza. Mama anywe maji kabla ya kusikia kiu, na ikiwa moja ya dawa zake za presha ni ile inayomwongezea mkojo, daktari amwambie afanyeje kwenye joto. Kutoka saa tano hadi saa tisa hivi awe chini ya paa. Maji ya kunywa ni ya chupa au yaliyochemshwa. Chandarua laleni nacho, mbu wapo. Na kwa kuwa mnaswali: Unguja iko mashariki yenu, jua huchomoza na kuzama kama robo saa mapema kuliko Dodoma, msitegemee saa za adhana za nyumbani.

Mavazi hamtasumbuka, mnavyovaa Kondoa ndivyo inavyotakiwa mjini na vijijini. Watoto wapewe fulana za mikono ya kuchezea majini. Fedha ni shilingi hii hii na pesa za simu zinapokelewa sehemu nyingi. Bebeni taslimu ya kutosha siku mbili mnapotoka mjini. Mnapopiga simu kuulizia chumba, ulizeni mambo matatu kwa pamoja: bei ya mkazi, kama kodi za kila usiku zimo ndani, na kama kuna chumba cha chini kisicho na ngazi, kwa sababu nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina ngazi kali na magoti ya mama hayatapenda. Chakula ni kitamu lakini nazi ni nyingi kuliko mliyozoea, siku ya kwanza mle kidogo. Mlenda sitawaahidi. Embe za Desemba, naam.

Mkirudi, viungo vya jikoni nunueni sokoni Darajani au kwenye shamba la viungo. Magamba ya kasa na makombe makubwa msinunue, hata yakiuzwa waziwazi. Kasa analindwa na sheria.

Sasa cheti. Nauli ya mtoto hutegemea umri, na cheti cha kuzaliwa ndicho kithibitisho ambacho hakuna wa kukibishia, kwenye boti, kwenye treni na zaidi kwenye ndege. Msingoje Novemba. Nendeni ofisi ya mkuu wa wilaya, ndipo alipo msajili wa wilaya wa RITA, mkiwa na tangazo la kizazi kutoka hospitali alikozaliwa, au kadi yake ya kliniki na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji kama tangazo limepotea, pamoja na vitambulisho vyenu wazazi. Ana miaka 6, amepita umri wa usajili wa papo hapo wa watoto chini ya miaka mitano, kwa hiyo litakuwa ombi la kuchelewa na linaweza kuwarudisha ofisini zaidi ya mara moja. Kikitoka, pigeni nakala mbili: moja ikae kwenye mkoba wako, nyingine kwa baba yake.